Kabla ya Kuhamia Mtaa Usioufahamu

Kila mwaka watu wengi huhamia Nairobi. Baadhi yao hutoka Kakamega, Kisii, Machakos au Mombasa kuja kuanza kazi. Wengine ni wakazi wa mji wenyewe ambao wamepandishiwa kodi, au wamepata watoto, na chumba cha zamani hakiwatoshi tena. Wote hao hukutana na shida moja. Huwa na siku chache tu za kutafuta nyumba katika mtaa ambao pengine hawajapata kuukanyaga, na katika siku hizo chache hutakiwa kutoa fedha nyingi kwa mara moja. Kwa desturi mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza, pamoja na amana iliyo sawa na kodi ya mwezi mmoja au miwili. Juu ya hayo kuna gharama ya kuchukua vyombo, na pengine malipo ya dalali. Mtu akigundua baada ya majuma matatu kwamba mtaa haumfai, fedha hizo huwa zimekwisha kutoka mkononi, na watoto wamekwisha kuandikwa shuleni. Basi huendelea kukaa mahali asipopapenda, si kwa kuwa ameridhika, bali kwa kuwa hana fedha za kuhama mara ya pili.

Kwa sababu hiyo, kuuchunguza mtaa ni jambo kubwa kuliko kuichunguza nyumba. Nyumba yaweza kupakwa rangi, kitasa kikatengenezwa, kioo kilichovunjika kikabadilishwa. Mtaa hauwezi kutengenezwa na mpangaji mmoja. Tena mtaa haujulikani kwa jina lake, wala kwa kutazamwa saa moja mchana wa Jumamosi wakati jua linapowaka. Mtaa hujulikana kwa maji yake, kwa mvua yake na kwa usiku wake. Mtu aliyekwisha kuyajua hayo matatu, akaongeza hesabu ya safari yake ya kila siku, hapati hasara kubwa.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Wageni wengi huuliza, "Je, mtaa fulani ni mzuri?" na hujibiwa kwa neno moja, ndiyo au la. Jibu la namna hiyo mara nyingi hutokana na mambo ya zamani kuliko ya leo, na ili kulipima yafaa kujua jinsi mji ulivyokua.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Wahandisi wa reli walipachagua mahali hapo kwa sababu palikuwa tambarare na palikuwa na maji, kabla ya kuanza kupanda milima ya Kikuyu. Hawakuwa wanachagua mahali pa kukaa maelfu ya jamaa. Sehemu kubwa ya uwanda huo ilikuwa na majimaji, na mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ulipozuka katika soko la Wahindi, soko lile lilichomwa moto. Baadaye serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, penye miinuko. Wahindi wengi walikaa Parklands, Ngara na Eastleigh. Waafrika walitengewa upande wa mashariki, Pumwani katika miaka ya 1920, kisha mitaa kama Kaloleni katika miaka ya 1940.

Mgawanyo huo haukuwa wa rangi tu, ulikuwa pia wa ardhi. Upande wa magharibi una udongo mwekundu, ambao hupitisha maji upesi na kushika msingi wa nyumba vizuri. Upande wa mashariki una udongo mweusi wa uwandani, ambao huvimba unyeshewapo na mvua na hupasuka wakati wa kiangazi. Sheria za ubaguzi zilikwisha, lakini udongo haukubadilika, na sifa za mitaa zimeendelea kuzungumzwa kana kwamba bado ni zile zile.

Mambo mengine, hata hivyo, yamebadilika sana. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 4,397,073. Mji uliokua kiasi hicho hauwezi kuelezwa kwa majina machache. Jina la Embakasi peke yake limetolewa kwa majimbo matano ya uchaguzi, na ndani yake mna nyumba zenye bustani na mna majengo ya ghorofa yaliyosongamana hata jua halifiki chini. Kilimani, ambako zamani palikuwa na nyumba moja moja katika viwanja vikubwa, leo kuna majengo marefu yenye jamaa wengi mahali palipokuwa na jamaa mmoja, na mabomba na barabara hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Kwa upande mwingine, Buruburu, iliyojengwa katika miaka ya 1970 upande wa mashariki, ilipangwa tangu mwanzo pamoja na shule, maduka na njia za miguu.

Wahenga husema kwamba lisemwalo lipo, na kweli sifa mbaya ya mtaa haifai kupuuzwa. Lakini swali linalofaa si "mtaa ukoje?" Swali linalofaa ni "barabara hii, na ploti hii, zikoje?" Hatua mia mbili zaweza kutenganisha mahali pema na mahali pabaya.

MAJI

Jambo la kwanza la kuchunguza ni maji, kwa sababu nyumba isiyo na maji humla mtu fedha, muda na afya kwa pamoja. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mbali. Bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, ndilo kubwa kuliko yote yanayoulisha mji, na maji yake husafishwa Ng'ethu kabla ya kuteremka kwa mabomba hadi mjini. Kwa kuwa watu wameongezeka kuliko maji, kampuni ya maji ya jiji hugawa maji kwa zamu, na hutangaza ratiba ya siku za kila mtaa. Ratiba hiyo yafaa kusomwa kabla ya kulipa amana. Lakini ratiba ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa kuwauliza wanaoingojea. Mama mboga aliye kando ya lango anaweza kuulizwa kwa heshima, "Mama, maji ya mfereji hutoka siku zipi hapa? Juma lililopita yalitoka?" Swali la pili ndilo lenye faida, kwa sababu hujibiwa kwa jambo lililotendeka.

Tena macho yenyewe yaweza kusema. Mitungi ya plastiki ikiwa imepangwa kwa safu katika kila roshani, na mikokoteni ya maji ikipita asubuhi na jioni, ni dhahiri kwamba mifereji haitoshi. Yapasa kuuliza bei ya mtungi wa lita 20, na kama bei hiyo hupanda wakati wa kiangazi. Yapasa pia kuuliza tangi la jengo ni kubwa kiasi gani na jamaa wangapi hulitumia, na kama maji hufika ghorofa za juu bila kubebwa ngazini.

Majengo mengi siku hizi yamechimbiwa visima virefu. Jambo hilo ni jema, lakini lina neno lake. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Nairobi yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiasi hicho kwa miaka ambayo meno yake yanaota, meno hayo hutokea yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusuguliwa. Kuchemsha hakuyaondoi madini hayo; maji yakipungua kwa kuchemka, madini hubaki yale yale. Basi mwenye watoto wadogo aulize kama maji ya kisima yamepimwa, na akiambiwa hayakupimwa, aweke katika hesabu yake fedha za kununua maji mengine ya kunywa.

Pamoja na maji safi yafaa kutazama maji machafu. Mtaro ulio mbele ya nyumba ukiwa na maji yanayonuka wakati wa kiangazi, maji hayo hayakutoka mbinguni. Yametoka vyooni au jikoni. Mahali palipo na shimo la maji machafu, majani mabichi yanayostawi peke yao wakati majani mengine yote yamekauka ni alama kwamba shimo limejaa na linavuja.

MVUA NA ARDHI

Watu wengi hutafuta nyumba mwezi wa Januari au Agosti, na miezi hiyo Nairobi huwa kavu. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Anayeutazama mtaa wakati wa kiangazi hana budi kuitafuta mvua kwa alama zake. Ukuta ukiwa na mstari wa matope uliokauka kwa kimo kile kile katika nyumba kadhaa, hapo ndipo maji yalipofika. Vizingiti vilivyoinuliwa kwa saruji, magunia ya mchanga yaliyowekwa pembeni, na mawe yaliyopangwa ya kukanyagia njiani, yote husema jambo moja.

Hapana haja ya kukisia, kwa maana wenyeji wanakumbuka. Mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024 mvua kubwa ilifurika sehemu nyingi za Nairobi. Watu walikufa, na wengi walipoteza nyumba zao, hasa kando ya mito katika Mathare na Mukuru. Baada ya hapo serikali ilibomoa majengo yaliyokuwa karibu mno na mito. Kwa hiyo mpangaji aulize bila haya, "Mwaka ule wa mafuriko, maji yalifika wapi hapa?" Nyumba iliyo kando ya mto wa Nairobi, wa Mathare au wa Ngong ina hatari mbili: ya maji kuingia, na ya jengo lenyewe kubomolewa kwa sheria.

Jengo nalo litazamwe. Katika udongo mweusi, msingi usiochimbwa vizuri huinuka na kushuka pamoja na majira, na kuta hupasuka. Ufa mwembamba katika lipu si neno, lakini ufa mpana unaoanzia pembe ya dirisha na kwenda mshazari, au nguzo iliyopasuka, au mlango usiofungika kwa sababu fremu imepinda, ni onyo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka katika mtaa wa Huruma wakati wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Jengo hilo lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa la kubomolewa, lakini wapangaji walikuwa bado wamo ndani wakilipa kodi. Basi ukutani pakionekana alama ya X ya rangi nyekundu, hata kama imepakwa rangi nyingine juu yake, mtu asiingie humo kwa ajili ya urahisi wa kodi. Haifai pia kuhamia jengo ambalo ghorofa zake za juu bado zinaongezwa huku wapangaji wanakaa chini.

USIKU

Mtaa ule ule huwa na nyuso mbili. Anayetaka kukaa mahali na arudi huko saa mbili au saa tatu usiku, na tena alfajiri saa kumi na moja, akifuatana na rafiki, kwa njia ile ile ambayo yeye au mkewe ataipita akienda kazini. Atazame mambo machache. Je, njia ina taa, na taa hizo zinawaka? Mitaa mingi ina nguzo ndefu zenye taa kubwa, ambazo wenyeji huziita mulika mwizi. Lakini nguzo yenye taa iliyokufa haimmuliki mtu. Je, maduka, vinyozi na vibanda vya mboga hufungwa saa ngapi? Mahali ambapo wanawake hununua mboga saa mbili usiku bila wasiwasi, na watoto hutumwa dukani jioni, wenyeji wamekwisha kutoa hukumu yao bila kuulizwa. Mahali ambapo kila duka huuza kupitia kidirisha chenye nondo tangu saa kumi na mbili, hukumu yao pia ni wazi.

Kuta ndefu na nyaya za umeme si ushahidi wa usalama. Pengine ni ushahidi wa hofu. Kinachofaa zaidi ni majirani kujuana. Tangu mwaka 2013 serikali imewahimiza watu kuunda vikundi vya Nyumba Kumi, ili jamaa walio karibu wafahamiane na kupeana habari za hatari. Katika barabara nyingine vikundi hivyo ni jina tu, katika nyingine vinafanya kazi. Mgeni aweza kupambanua kwa kuuliza ni nani anayekisimamia kikundi cha hapo. Wenyeji watatu wakimtaja mtu yule yule, kikundi kipo.

Usiku pia huonyesha kelele. Baa iliyofungwa mchana huonekana kama duka lolote. Kanisa lenye vipaza sauti huwa kimya Jumanne, na likawa na kesha Ijumaa. Mitaa iliyo karibu na uwanja wa Wilson au uwanja mkubwa wa ndege ulioko Embakasi husikia mngurumo kila siku. Mtu mmoja hazijali kelele hizo, na mwingine, mwenye mtoto mchanga au mwenye kazi ya zamu ya usiku, hawezi kuzistahimili. Kila mtu aijue hali ya nyumba yake.

VILIVYO NYUMA YA UKUTA

Haitoshi kuijua barabara iliyo mbele ya nyumba. Inapasa kuuzunguka mtaa kwa miguu na kujua vitu vilivyo nyuma yake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika mtaa mmoja wa Embakasi, mahali palipokuwa pakijazwa mitungi ya gesi kinyume cha sheria karibu na nyumba za watu. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa, na wengi wao walikuwa vyumbani mwao. Huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliishi kwa miaka kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Sumu ya risasi iliingia katika udongo, na watoto wakaonekana kuwa nayo katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Lakini fidia haiondoi sumu mwilini mwa mtoto.

Kwa hiyo lango lisilo na kibao, linaloingiza malori usiku, si la kupuuzwa. Wala moshi unaofuka saa za alfajiri, wala harufu ya rangi au ya taka zinazochomwa. Atazame pia kama gari la zimamoto na gari la wagonjwa yaweza kupita katika njia hiyo. Njia isiyopitisha gari kubwa mchana haitapanuka usiku wa moto.

SAFARI NA HESABU YA KWELI

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Kodi ndogo peke yake haionyeshi kama nyumba ni rahisi. Mfano ni wa karani anayefanya kazi katikati ya mji siku 26 kwa mwezi, ambaye ameonyeshwa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza, iliyo mbali, ni ya shilingi 12,000. Ya pili, iliyo karibu, ni ya shilingi 18,000. Kwa mtazamo wa haraka, ya kwanza inamwachia shilingi 6,000.

Lakini kutoka nyumba ya kwanza ni lazima apande bodaboda kwa shilingi 50 hadi kituoni, kisha matatu kwa shilingi 100, na jioni hivyo hivyo. Jumla shilingi 300 kwa siku, yaani 7,800 kwa mwezi. Mifereji haitoi maji ya kutosha, kwa hiyo jamaa yake hununua mitungi minne kwa siku kwa shilingi 20 kila mmoja, ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi. Nyumba ya kwanza, basi, ni ya shilingi 22,200. Kutoka nyumba ya pili nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, yaani 2,600 kwa mwezi, na maji hulipiwa shilingi 500. Jumla ni shilingi 21,100. Nyumba iliyoonekana ghali imekuwa rahisi kwa shilingi 1,100, kabla ya kuhesabu saa zilizopotea njiani.

Kila mtu aweke bei za mahali pake katika hesabu hiyo, kwa kuwa pengine jibu litageuka, na nyumba ya mbali ikashinda. La muhimu ni kufanya hesabu. Tena nauli isiulizwe adhuhuri. Matatu nyingi hupandisha nauli asubuhi, jioni na wakati wa mvua. Njia iliyo bora ni kuisafiri safari yenyewe siku ya kazi: kuondoka mtaani saa kumi na mbili asubuhi, na kurudi saa kumi na mbili jioni pamoja na watu wengine wote. Safari moja ya namna hiyo hufundisha kuliko maneno ya dalali ya siku nzima.

Mwenye watoto apime pia njia ya kwenda shuleni kwa miguu ya mtoto, si kwa miguu yake mwenyewe. Shule iliyo karibu lakini ng'ambo ya barabara kuu isiyo na daraja la watu si shule ya karibu. Na mwenye mke mjamzito, au mzee katika nyumba, ajue hospitali ya umma iliyo karibu ni ipi, na jinsi ya kuifikia saa nane za usiku.

NI NANI WA KUULIZWA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dalali hulipwa nyumba inapopata mtu. Kwa hiyo haifai kumtegemea kwa habari za mtaa, hata akiwa mtu mwema. Mwenye nyumba naye ana faida yake. Waulizwe watu ambao hawapati wala hawapotezi kitu: mama mboga, kinyozi, waendeshaji wa bodaboda walio kituoni, mlinzi wa lango la jengo la jirani, na zaidi ya wote wapangaji wanaokaa humo. Mpangaji aliye katika kuhama ni shahidi bora, naye aulizwe kwa upole, "Ndugu, unahamia wapi, na kwa nini?" Asulizwe mtu mmoja tu. Mmoja aweza kuwa na ugomvi wake na mwenye nyumba. Watatu wakisema neno lile lile, neno hilo lina uzito. Ofisi ya chifu na naibu wake pia iko wazi kwa wananchi, na huko hujulikana habari za ugomvi wa ardhi na wizi ambazo hazisikiki barabarani.

Fedha zisitumwe kwa simu kabla ya nyumba kuonekana kwa macho na mwenyewe kujulikana. Wako watu wanaoonyesha nyumba isiyo yao, wakapokea amana za watu watatu kwa chumba kimoja, kisha simu zao zikazimwa. Mpangaji aonane na mwenye nyumba au mwangalizi anayetambuliwa na wapangaji wengine, apewe mapatano kwa maandishi, na achukue stakabadhi ya kila shilingi. Katika maandishi hayo paonekane wazi amana itarudishwa kwa masharti gani, na notisi ya kuhama ni ya muda gani.

KUPIMA NA KUAMUA

Hakuna mtaa usio na kasoro. Anayengoja mahali penye maji kila siku, utulivu, shule bora, safari fupi na kodi ndogo atangoja mpaka azeeke. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kutafuta, mume na mke waketi pamoja na kuandika mambo matatu ambayo nyumba yao haiwezi kukosa. Kwa jamaa mmoja yatakuwa maji, shule na usalama wa njia ya usiku. Kwa kijana aliye peke yake yatakuwa kodi, nauli na umeme. Mtaa ukishindwa katika moja ya hayo matatu, waondoke hata kama roshani inapendeza. Ukishinda katika yote matatu, mengine yavumiliwe.

Na ikiwa bado kuna mashaka, mtu aweza kuomba kukaa kwa ndugu au rafiki aliye karibu na mtaa huo kwa majuma mawili, au kupanga chumba kidogo kwa muda mfupi huku vyombo vikiwa vimewekwa mahali pengine. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kuhama mara mbili. Kuuliza si ujinga, na kurudi mara ya tatu kutazama mahali pale pale si woga. Siku moja ya kuchunguza, asubuhi hadi usiku, yaweza kumwepusha mtu na mwaka mzima wa kubeba maji ngazini, na yaweza kuwaepusha watoto wake na hatari ambayo hawana njia ya kuichagua wala kuikataa.